Kipande cha Nyar Kisii

Nyanchoka alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimuuzia sukari angetaka kujua kama ni ya Awendo au imetoka nje, na ukimjibu angetaka kujua kwa nini basi ni nyeusi kuliko ya wiki jana. Katika soko la Migori, alikouza ndizi alizoletewa kutoka kwao Kisii, wenzake walimwacha aulize mpaka achoke, na hakuchoka. Padri Monari alipomteua kuwa katibu wa kamati ya kanisa la Got Rachar, watu walidhani ni kwa ajili ya mwandiko wake mzuri. Wapi! Padri alijua kwamba karatasi yoyote ikipita mikononi mwa mwanamke yule itasomwa mpaka nukta ya mwisho, na kwamba kamati haitauziwa tena mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo ile barua ilipofika Januari ya mwaka 1996, ni yeye aliyeisoma mbele ya kamati, polepole, huku mwenyekiti, Bwana Gisiri, akitikisa mguu kwa papara. Mfuko mmoja wa ng'ambo wa kutunza majengo ya kale ulikuwa umekubali kufikiria ombi lao. Ungelipia paa, ungelipia ufa, ungelipia hata mfereji wa kuzuia maji yasiingie kwenye msingi. Sharti lilikuwa moja: ithibitishwe kwamba kanisa lilikuwa limesimama kabla ya mwaka 1920. Mtaalamu wa majengo kutoka Nairobi, Bi Shamima, angefika baada ya wiki tatu kujionea ushahidi.

"Ushahidi gani tena?" Gisiri akasema. "Hii kanisa ni ya zamani, kila mtu anajua!"

"Kila mtu anajua, lakini nani ameandika?" Nyanchoka akauliza.

Msaada wenyewe walikuwa wanauhitaji kufa na kupona. Kanisa la Got Rachar lilijengwa kwa matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, na ukuta wake wa mashariki ulikuwa na ufa wa kuingiza ngumi. Wakubwa wa kanisa walishatoa neno: mvua za masika zikiukuta ukuta katika hali ile, jengo litafungwa na kubomolewa kabla halijaua mtu, na waumini watahamia kanisa jipya mjini. Harambee zilikuwa zimefanywa mbili. Ya kwanza ilileta mabati kumi na mawili. Ya pili ilileta ahadi nyingi na fahali mmoja, na fahali akafa kabla hajauzwa.

Kwa Nyanchoka, kubomolewa kwa kanisa lile kulikuwa jambo la kumtoa machozi, na sababu ilikuwa ukutani. Kila Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, wanawake wa Got Rachar walisiriba kuta za ndani kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Walikubaliana rangi ya mwaka: mwekundu kutoka kwa wachimba dhahabu wa Osiri, mweupe wa kilima chao wenyewe, au mweusi wa kando ya mto. Ukuta uligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Mama alimrithisha mkaza mwana, au yeyote aliyempenda. Wala hakuna mwanamke aliyegusa kipande cha mwenziwe. Ukiugua, kipande chako kilikungojea upone.

Nyanchoka alikuja huku mwaka 1974 kumfuata mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, na wanawake wa kanisa walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, jina la kumkumbusha mtu alikotoka. Mwaka huohuo ajuza mmoja wa Kikuria, Mama Mirumbe, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi na mwanawe wa pekee alikuwa ameshahamia Tanzania, alimshika kiganja akampeleka kwenye kona ya nyuma, karibu na kisima cha ubatizo, akamwambia, "Hii ni yako sasa." Mumewe alipofariki mwaka 1988, watu walingoja kuona lini mjane atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Waliomuuliza sababu aliwaambia biashara ya ndizi ni nzuri Migori. Ukweli ni kwamba katika nchi nzima ile, ile kona ya ukuta ndiyo pekee ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia si yako.

Sasa, ushahidi utapatikana wapi? Nyanchoka alikumbuka kwamba katekista mzee, Momanyi, aliyestaafu akaenda kukaa Homa Bay karibu na bintiye, aliondoka na kitabu cha kwanza cha ubatizo ili kisipotee. Akafunga kibanda chake cha ndizi na kwenda.

Alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha kamba nyuma ya nyumba, omena wa bintiye, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu pande zote, naye akiwafukuza kuku kwa fimbo. Alifurahi mno kumwona mtu wa Got Rachar. Alimlisha, akamuuliza habari za watu waliokwisha kufa zamani, kisha akamtuma ndani avute sanduku la bati kutoka mvunguni.

Kitabu kilikuwemo. Kilikuwa kikubwa na kizito, na Nyanchoka alikifungua kwa vidole viwili. Lakini mchwa walikuwa wametangulia. Walikuwa wameanza na jalada, wakaingia kurasa za mwanzo, wakala majina, wakala tarehe, na mahali walipochoka kula, mwaka wa kwanza uliosomeka ulikuwa 1931.

"Baba yangu alibeba matofali ya hiyo kanisa," mzee Momanyi alisema kwa aibu ya sanduku lake. "Wakati ule wa vita ya Mjerumani. Andika hivyo, mama. Andika Momanyi amesema."

"Nitaandika, mzee wangu," Nyanchoka akamjibu, ingawa alijua kwamba maneno ya mzee hayatamtosha mtu wa kutoka Nairobi.

Alikaa Homa Bay siku tatu, akiuliza hapa na pale kama kuna mwingine mwenye karatasi za zamani za misheni. Alipata soda nyingi na hadithi nyingi. Karatasi hakupata.

Na huku nyuma Got Rachar, watu walikuwa wanafanya lile ambalo watu wa nchi yetu hulifanya bila hata kufikiri. Mgeni anakuja? Nyumba ing'arishwe! Bwana Gisiri alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mkono wake haukuwa mfupi. Alitoa madebe ya rangi ya mafuta, rangi ya maziwa, bure kabisa. Akawaambia akina mama kwamba mgeni wa Nairobi hawezi kuonyeshwa mavi ya ng'ombe. Kwanza wakwangue, kisha vijana wapake. Nao, kwa kuwa aliwaomba kwa adabu, na kwa kuwa hakuna anayependa kudharauliwa na mgeni, kila mmoja akachukua jembe na panga akakwangua kipande chake mpaka kwenye tofali.

Nyanchoka aliporudi aliona vifusi kabla hajaona rangi. Vilikuwa vimemwagwa nje ya mlango, vingine vimeshatupwa kwenye shamba la mihogo la padri. Ndani kulinukia duka la Gisiri. Kuta zilimetameta kama sufuria mpya. Mahali pamoja tu, kona ya nyuma, karibu na kisima cha ubatizo, palibaki palivyokuwa, pekundu na pa mikunjo.

"Yako hatukugusa," alisema Nyar Kanyamwa, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, kiongozi wa akina mama. "Nani angegusa na wewe haupo? Chukua panga, malizia. Mgeni ni kesho kutwa."

Nyanchoka alitoka nje kutafuta panga, na hapo mlangoni akakanyaga kitu kikavunjika. Akainama. Kilikuwa kipande cha udongo mkavu, unene wa nusu kiganja, na pale kilipovunjika kilikuwa na mistari: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, nyeupe, nyeupe. Alikigeuza. Akakitia mate kidogo akakisugua kwa kidole, na mistari ikazidi kuonekana, myembamba, mingi, mmoja juu ya mwingine. Akaketi palepale kwenye ngazi na mkoba wake wa safari begani.

Kwa nini mistari? Alijua kwa nini. Ule mwekundu wa juu ulikuwa Krismasi iliyopita. Mweupe wa chini yake ulikuwa Krismasi ya kabla yake. Na chini yake? Na chini yake tena? Hata kama mkono uliosiriba ulikuwa umeoza kaburini, Krismasi yake ilikuwa bado hapa, na mtu angeweza kuihesabu.

Akapiga ukelele mmoja uliomtoa padri nyumbani kwake. Mchwa walikula kitabu kimoja, lakini kamati yake ilikuwa imekwangua kitabu cha pili kwa majembe na kukimwaga kwenye mihogo! Aliokota vipande vingine, vyote vilikuwa vimepasuka, hiki kina mistari ishirini, hiki kumi na tatu, na hakuna aliyejua kipi kilikaa juu ya kipi. Alimkasirikia Gisiri, akajikasirikia yeye mwenyewe kwa kwenda Homa Bay kutafuta karatasi. Kisha akakumbuka kona ya nyuma. Akarudi ndani bila panga, akasimama mbele ya kipande chake, akakitazama mpaka Nyar Kanyamwa akamuuliza kama amepatwa na kizunguzungu.

Bi Shamima alifika baada ya siku mbili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa pwani, kitambaa kichwani, viatu vya buti miguuni, na hakusubiri hotuba ya mwenyekiti. Aliweka kiganja chake juu ya rangi ya maziwa, akakiondoa, na kiganja kilikuwa kimelowa.

"Nani aliyewashauri kutia rangi ya mafuta juu ya matofali mabichi?" aliuliza. "Ukuta huu wapumua, bwana. Mmeuziba pua."

Gisiri, ambaye alikuwa amesimama akingoja kushukuriwa, akajikuna shingo akaangalia nje.

"Haya, na ushahidi wa mwaka?"

Padri Monari akamtazama Nyanchoka. Nyanchoka akaanza na mzee Momanyi, akaona jinsi Bi Shamima anavyoandika kwa heshima bila kuamini, akaacha. Akafungua leso yake, akatoa kile kipande cha mlangoni. "Tafadhali dada, angalia hii kitu," akasema. "Kisha nikuonyeshe mahali haijakwanguliwa."

Bi Shamima alikitazama kwa macho, kisha akatoa mkobani kioo cha kukuzia akakitazama tena. Akaanza kutembea kuelekea kona ya nyuma kabla hata hajaambiwa ni wapi.

Ilibidi ukuta ukatwe shimo la upana wa mkono, hadi kwenye tofali. Bi Shamima alikuwa na kisu chembamba cha kazi hiyo, lakini Nyanchoka alinyoosha kiganja chake apewe. Kama kipande kile kitachanwa, atakichana mwenyewe. Alikata wima, taratibu, akihisi kila udongo unavyokubali kisu kwa namna yake, na alipofika ndani, Bi Shamima akapuliza vumbi na kumulika kwa tochi. Nyar Kanyamwa alipewa sanduku la viberiti. Kila Bi Shamima alipotaja tabaka, njiti moja iliwekwa kwenye benchi.

"Moja, nyekundu. Mbili, nyeupe."

Kwenye la nane, jeusi, Nyanchoka alisema kimya kimya, "Themanini na nane." Mwaka ule alisiriba huku akilia, wiki tano baada ya maziko, na wanawake wengine walijifanya hawamwoni. Sasa tabaka lenyewe lilikuwa hilo, jembamba kama mengine yote.

Hesabu ilichukua karibu saa nzima. Watu walijaa kwenye mabenchi bila mtu kuwaita. Njiti ziliishia sabini na nne.

Bi Shamima akazihesabu tena kwa kidole, akapiga hesabu daftarini, akaketi kwenye visigino vyake. "Mkihesabu kutoka Krismasi iliyopita kurudi nyuma, tabaka la kwanza ni la mwaka 1922," alisema. Hakuwa na furaha. "Wao wataka kabla ya 1920. Nasikitika, mama. Ni ushahidi mzuri kuliko wote niliopata kuuona, na umepungua miaka mitatu."

Gisiri akasogea, akamnong'oneza Nyanchoka sikioni, "Wewe ndiye unaandika ripoti ya kamati. Andika sabini na nane. Hawa wa ng'ambo watakuja kuhesabu?"

Nyanchoka hakuwa mtakatifu. Sokoni alishawahi kuapa kwamba ndizi za juzi ni za leo. Lakini huu ulikuwa ukuta wake, na wa Mama Mirumbe, na wa wale wengine asiowajua majina. Akiutia uongo mwaka mmoja, hataweza kuamini ule wa themanini na nane. "Toka hapo, Bwana Gisiri," akasema kwa sauti ya kusikika. Kisha akapiga magoti tena, akachukua kioo bila kuomba ruhusa, akatazama, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya ila kutazama.

Na alipotazama sana akaona kitu kikamsumbua. Kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na uzi mwembamba wa kijivu, moshi wa mishumaa na vumbi la mwaka mzima. Uzi karibu kila mahali ulikuwa hafifu. Lakini mahali pamoja hapo juu ulikuwa mweusi na mnene maradufu.

"Dada, hii nyeusi ni nini?"

"Masizi. Labda walifukiza ubani mwingi."

"Iko baada ya tabaka la ngapi?"

Bi Shamima akahesabu. "Kumi na moja."

Nyanchoka akarudi nyuma kwa vidole. Tabaka la kwanza tisini na tano, la pili tisini na nne, mpaka la kumi na moja: themanini na tano. Chini yake ulipaswa kuwapo mwaka themanini na nne. "Nyar Kanyamwa!" aliita. "Mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, tulisiriba?"

"Tusiribe na nini?" Nyar Kanyamwa akajibu kutoka kwenye benchi lake. "Maji ya kunywa yenyewe ilikuwa ya kupigania. Krismasi hiyo kanisa ilikaa hivyo hivyo. Ama umesahau?"

"Sijasahau. Nataka dada asikie." Akamgeukia Bi Shamima. "Hatukusiriba. Kwa hivyo ukuta ilikula moshi ya miaka miwili bila kufunikwa. Hapo ndipo nyeusi inatoka."

Bi Shamima alimtazama mwanamke huyu wa ndizi. Ungeona jinsi udadisi unavyoambukiza. Alilala kifudifudi sakafuni, nguo zake safi na yote, akaweka jicho kwenye kioo. "Mwaka mmoja haunitoshi kuamini," alisema akiwa chini. "Nipe alama nyingine unayoijua. Wewe ulianza lini?"

"Sabini na nne."

"Ngoja, usiniambie zaidi." Akahesabu kimya, midomo ikicheza. "Matabaka ishirini na moja ya juu yana kitu ndani yake. Vijiganda vidogo. Kuanzia la ishirini na mbili kwenda chini, hakuna hata kimoja."

"Makapi ya wimbi, ule ulezi wetu," Nyanchoka akasema. "Kwetu tunachanganya makapi ya wimbi. Hapa walinicheka sana."

Kutoka sabini na nne hadi tisini na tano ni miaka ishirini na miwili. Matabaka ishirini na moja, na uzi mweusi mmoja. Hesabu ilikaa sawasawa. Basi wakarudi kuhesabu nyuzi nyeusi peke yake, kila mmoja akimkagua mwenziwe, na Nyar Kanyamwa akaziwekea njiti kwenye mstari wa pembeni. Walipata sita. Njaa zipi, misiba ipi, hakuna aliyejua. Huenda mwaka mmoja mwenye kipande alikuwa mgonjwa tu, na wenzake wakamngojea. Sabini na nne na sita ni themanini.

"Elfu moja mia tisa na kumi na sita," Bi Shamima akasema, akaketi sakafuni akicheka, udongo mwekundu kwenye paji la uso. Vigelegele vya wanawake vilisikika hadi barabarani.

Mambo kama yangeishia pale, hadithi ingekuwa tamu na fupi. Lakini Machi ikaja barua nyingine, na Nyanchoka akaisoma mbele ya kamati. Fedha zimekubaliwa zote. Fundi ataanza kwa kuutegemeza ukuta wa mashariki wiki hiyohiyo, kabla ya masika. Rangi ya mafuta itabanduliwa. Kisha akafika kifungu cha saba, akakisoma, akakisoma tena. Kwa kuwa jengo sasa ni la kihistoria, kuta zake hazitaongezwa wala kupunguzwa kitu chochote na mtu yeyote. Kipande cha kona ya nyuma kitafunikwa kwa kioo.

"Maana yake?" Padri akauliza.

"Maana yake hatutasiriba tena. Kabisa."

Gisiri alikuwa ameshachukua kalamu. Sahihi zilitakiwa tatu: ya padri, ya mwenyekiti, ya katibu. Wawili wakatia zao. Nyanchoka aliomba siku moja. Padri alipompigia simu Bi Shamima kutoka posta, mtaalamu alisema masharti si yake, ni ya wenye fedha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu. Nyanchoka akanakili mkataba mzima kwa mkono wake, nakala tatu, akitafuta mlango. Hakuuona. Yeye ndiye aliyeuliza, yeye ndiye aliyekata, yeye ndiye aliyewaonyesha wenye fedha kwamba kusiriba kule ni dhahabu, na sasa kwa sababu ya dhahabu hiyo hawatasiriba. Alijuta kuuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani.

"Tia sahihi, Nyar Kisii," Nyar Kanyamwa alimwambia. Walikuwa wamekaa ndani ya kanisa, na wingu la kwanza la masika lilionekana kupitia ufa. "Ikianguka, utasiriba wapi? Kwa mihogo ya padri?"

Akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mbaya siku hiyo.

Kazi ikaenda vizuri, hilo lazima lisemwe. Masika yalipita na ukuta umesimama. Kufikia Desemba kanisa lilikuwa na paa jipya, ufa umezibwa kwa tofali za udongo uleule, na siku ya kufungua wageni walikuja na magari. Akina mama nao walikuja. Hakuna aliyewaambia, wala hawakuambiana, lakini ilikuwa Desemba, na kila mmoja alikuwa amebeba karai la udongo kichwani. Walipofika kwenye utepe wakakumbuka, wakayatua makarai nje, wakasimama, hawajui mikono waiweke wapi.

Bi Shamima alimshika Nyanchoka mkono akampeleka ndani kabla ya wengine. Alikuwa na furaha ya mtoto. Kioo kilikuwa safi, na nyuma yake lile shimo walilolikata likionyesha mistari yote, nyekundu, nyeupe, nyeusi. Mbele yake, juu ya kigingi cha mbao kilichosimamishwa sakafuni, kulikuwa na kibao cha shaba. Nyanchoka akakisoma kama alivyosoma kila kitu, mpaka nukta ya mwisho.

*Udongo uliosiribwa na wanawake wa Got Rachar, 1916–1995.*

Aliusoma ule mwaka wa pili mara tatu. Msalaba wa kaburi la mumewe ulikuwa na miaka miwili namna hiyo, na kistari katikati. Wa Mama Mirumbe pia.

"Umekipenda?" Bi Shamima akauliza.

"Hii mwaka ya mwisho ni ya nani?"

"Ni ya tabaka la juu, mama. Lako."

"Mimi niko hapa," Nyanchoka akasema. "Mimi sijakufa." Na machozi yakamtoka, mbele ya mgeni, mbele ya padri aliyekuwa anaingia na watu wake. Hakuyafuta. Aligeuka akawapita wote, akatoka nje mpaka kwenye karai la kwanza alilolikuta, akachota kiganja cha udongo, akarudi nao ukimtiririka kwenye kiwiko cha gauni lake la sherehe.

Gisiri alimwona akaruka. "Nyanchoka! Mkataba! Watatudai fedha zote!"

"Mkataba nimeunakili mara tatu kwa huu mkono," alimjibu bila kusimama. "Inasema kuta. Kibao haijatajwa popote."

Akaweka udongo juu ya ule mwaka wa pili, akausawazisha kwa kiganja, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, kama alivyofundishwa, hadi pakawa laini. Ulibaki 1916 na kistari chake. Bi Shamima alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. Akatazama kibao, akatazama mlango ambako akina mama walikuwa wameanza kuingia mmoja mmoja na mikono yao myekundu, kisha akasogea kando wapate kufika.

Nyar Kanyamwa alikuwa wa pili. Alipaka kidole chake juu ya udongo wa mwenziwe, akarudi nyuma kuangalia kazi, na kwa ile sauti yake kubwa akauliza kama mwaka ujao watatumia mweupe.

"Mweusi," Nyanchoka akasema. "Mweupe tulitumia juzi."